Kipya Kinyemi Ingawa Kidonda: Vipakatalishi Vyepesi na Mzigo wa Mfumo Mpya

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii tuliikariri shuleni, tukaitolea maana na matumizi katika mitihani, kisha tukaiacha huko huko. Mimi niliikumbuka usiku mmoja bwenini, nikiwa nimekipakata kipakatalishi changu na kukitazama kikijizima na kujiwasha, kikijizima na kujiwasha, mithili ya msafiri aliyefika njia panda akasahau alikokuwa akienda. Saa chache kabla ya hapo chombo hicho hicho kilikuwa kimenitangazia kwamba mfumo mpya uko tayari, nami nikaitikia kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Katika makala haya ninanuia kutetea hoja moja. Matatizo yanayotupata tunapobadilisha mifumo endeshi ya vipakatalishi vyetu si ya mitambo peke yake, bali ni ya lugha pia. Nasi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tuna fungu letu katika lawama hiyo. Tumebishana miaka na mikaka kuhusu majina ya vyombo, ilhali vitenzi vinavyotaja yale ambayo vyombo hivyo hututendea tumeviacha vijilee.

Yaliyonifika

Kipakatalishi chenyewe nilikinunua kwa pesa za mkopo nilipokuwa mwaka wa pili. Kilikuwa na uzito wa kilo moja na ushei, nacho kiliingia mkobani pamoja na vitabu bila ya kuniumiza bega. Bei yake iliniafiki. Hifadhi yake ilikuwa gigabaiti 32, na kumbukumbu ya kufanyia kazi gigabaiti 2. Nambari hizo zilikuwa zimebandikwa ubavuni mwa sanduku, nami sikuzijali. Mwanafunzi wa fasihi atazijali kwa lipi? Sitaitaja kampuni iliyokiunda chombo hicho wala iliyouunda mfumo wake kwa sababu, kama msomaji atakavyoona, kosa lililoniumiza zaidi halikuwa lao.

Humo ndimo nilimouhifadhi utafiti wangu kuhusu nyimbo za kazi za wavuvi wa pwani ya Kwale: kurasa 46 za maandishi na rekodi 7 za sauti. Rekodi ya saba ilikuwa ya mzee mmoja wa Gazi aliyeniimbia kwa muda usiozidi dakika 20, kisha akaniagiza nirudi baada ya Idi ili animalizie beti zilizosalia.

Mfumo mpya ulipokwama nilikimbilia kwa fundi mwenye kibanda karibu na lango la chuo. Alikiwasha, akakitazama kwa muda, akatikisa kichwa. "Kijana wangu, nafasi imejaa katikati ya safari. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Itabidi niifomati tu. Sawa?"

"Sawa," nikamjibu.

Namwomba msomaji asinicheke. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, na kufomati ni kazi ninayoifanya kila wiki. Naifomati insha yangu, yaani napanga pambizo, nalinganisha aya na kuchagua ukubwa wa herufi. Nilidhani fundi atakiweka chombo changu sawa kama ninavyoiweka insha sawa. Jioni alinikabidhi kipakatalishi kilicho safi kama sahani iliyooshwa. Hakikuwa na chochote ndani. Kurasa zangu nilizipata kwa kuwa nilikuwa nimezituma kwa msimamizi wangu kwa barua pepe. Rekodi sita nilizirudia kwa nauli na kwa muda. Mzee wa Gazi alikuwa ametangulia mbele ya haki kabla sijarejea.

Fundi hakunidanganya. Aliniuliza, nami nikaridhia. Lakini neno aliloniulizia lilikuwa na maana mbili, moja ya kwake na moja ya kwangu, na hapakuwa na yeyote kati yetu aliyelitambua hilo.

Mzigo wa mwenzio

Kabla ya kulirudia neno hilo, hatuna budi kuuliza kwa nini mfumo ulikwama hapo awali. Wengi wetu hudhani kwamba mfumo mpya huingia katika chombo kama abiria aingiavyo katika matatu: mmoja anashuka, mwingine anapanda. Sivyo. Tuchukue mfano wa Windows, ambao ndio mfumo unaotumiwa na wengi wetu. Toleo jipya linapoingia, toleo la zamani halitupwi papo hapo. Hukunjwa na kuwekwa katika folda iitwayo Windows.old, ili mwenye chombo akighairi katika muda wa siku 10 aweze kulirudia. Juu ya hayo, faili za ufungaji nazo zinahitaji mahali pa kutua. Kwa hiyo, kwa muda fulani, nyumba moja hukaliwa na familia mbili pamoja na masanduku ya wahamiaji. Hifadhi ya gigabaiti 32, ambayo chombo chenyewe huionyesha kuwa takriban 29 tu, tayari imebeba mfumo wa zamani, programu za kuandikia na nyaraka za mwanafunzi. Wageni watalala wapi?

Katika tarakilishi kubwa ya mezani jawabu ni jepesi: fungua, ongeza diski, funga. Vipakatalishi vingi vyepesi havina fursa hiyo. Ili viwe vyembamba na vya bei nafuu, hifadhi na kumbukumbu zake huchomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu. Ulichonunua ndicho utakachozikwa nacho.

Tena kuna viendeshi, zile programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuzungumza na kibodi, kipaza sauti, skrini na waifai. Hawa tunaweza kuwaita wakalimani. Mfumo ukibadilika na mkalimani asijue lugha mpya, chombo kizima kinaweza kuwa hai lakini kiziwi: maandishi yanaonekana, sauti haitoki, mtandao haushiki. Watengenezaji huandika viendeshi vipya kwa ajili ya vyombo vipya. Kile cha bei nafuu kilichouzwa miaka mitano iliyopita hakimo katika hesabu zao.

Tarakimu zenyewe zinasema. Windows XP iliyotolewa mwaka 2001 ilidai kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa uchache na hifadhi ya gigabaiti 1.5. Windows 11 iliyotolewa mwaka 2021 inadai kumbukumbu ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64. Yaani katika miaka 20 kima cha chini cha kumbukumbu kiliongezeka mara 64, na cha hifadhi zaidi ya mara 40. Je, barua tunazoandika zimerefuka mara 64? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeubuni mfumo huujaribu kwenye mashine zenye misuli. Anayeubeba ni mwanafunzi mwenye kipakatalishi cha mtumba na bando la kupimapima.

Sisemi kwamba watumiaji hawana nguvu. Historia ina ushahidi kinyume cha hivyo. Mwaka 2007, kampuni ya ASUS ya Taiwan ilitoa kipakatalishi kidogo kiitwacho Eee PC. Kilikuwa na uzito usiofika kilo moja, skrini ya inchi 7, na toleo lake lililojulikana zaidi lilikuwa na hifadhi ya gigabaiti 4. Mwaka huo huo Windows Vista ilikuwa imeingia sokoni ikidai gigabaiti 15 za nafasi tupu. Ngamia hapiti tundu la sindano. ASUS ikakipa chombo chake mfumo wa Linux, na watu wakakinunua kwa wingi. Mnamo Aprili 2008, Microsoft ilitangaza kwamba XP, ambayo ilikuwa mbioni kuondolewa sokoni, ingeendelea kuuzwa kwa ajili ya vipakatalishi vidogo vya bei nafuu. Kampuni kubwa ilirudi nyuma kwa sababu wanunuzi walikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Miaka 10 baadaye mambo yaligeuka. Waliokuwa na vyombo vyepesi vyenye prosesa za Intel Atom za mwaka 2012 walihimizwa kuhamia Windows 10 bila ya malipo. Mwaka 2017 wakaarifiwa kwamba matoleo yaliyofuata ya mfumo huo huo hayangefanya kazi katika vyombo vyao. Waliahidiwa viraka vya usalama hadi Januari 2023, lakini safari yao ilikuwa imekomea njiani. Walioalikwa karamuni wakaambiwa viti vimekwisha.

Nomino nyingi, vitenzi haba

Sasa tulirudie neno. Yeyote aliyepitia vikao vya vyama vya Kiswahili anaujua mjadala wa kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Nimeushuhudia ukichukua saa nzima. Kuhusu kipakatalishi, mimi ni mtetezi wake: neno hilo limetungwa kwa kitenzi cha kupakata, ambacho ni cha mama na mwanawe, na halikopi chochote. Hata hivyo, haya yote ni majina. Mtu hapotezi utafiti wake kwa kutojua kama kitu kilichomo mapajani mwake kinaitwa ngamizi au tarakilishi. Anaupoteza kwa kutojua kitakachotendeka anapojibu "sawa".

Chukua neno ambalo sote hulitumia vinywani, yaani kuapdeti. Chini ya mwavuli wa neno hilo yamejificha matendo matatu yasiyofanana hata kidogo.

La kwanza ni kutia kiraka. Mfumo umeonekana kuwa na tundu ambalo wezi wanaweza kulipitia. Kampuni inatuma kipande kidogo cha kuliziba. Mfumo unabaki ule ule. La pili ni kuhama. Mfumo wa zamani unaondoka na mwingine unachukua nafasi yake, pamoja na madai yake ya nafasi na kumbukumbu. La tatu ni kufuta na kuanza upya, yaani kila kilichomo kinaondolewa na chombo kinarudishwa kama kilivyotoka dukani. Hili la tatu kwa kawaida si sehemu ya kuapdeti, lakini ndilo linalofuata pale kuhama kunapokwama, nalo hupewa jina la kufomati ambalo halimwambii asiyejua kwamba kuna kitu kitakachopotea.

Kwa kuwa matendo haya hayana majina yanayotofautiana, wanafunzi wamegawanyika makundi mawili, na yote mawili yamo hatarini. Wapo wanaokubali kila kitu, nami nilikuwa mmoja wao. Wapo pia walioungua mara moja na sasa wanakataa kila kitu, hata viraka. Hawa nao wakumbuke yaliyotukia Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipozifunga tarakilishi katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za umma nchini Uingereza, na kudai fidia. Tundu kilimopitia lilikuwa limetolewa kiraka tangu Machi mwaka huo. Mwenye Windows 7, mfumo uliokuwa na umri wa takriban miaka minane kufikia wakati huo, alikuwa ameliziba tundu hilo endapo alikubali kiraka. Hakuhitaji kuhama. Alihitaji kujua tofauti ya kushona nguo na kununua nguo.

Kwa upande wa pili, kuhama nako kuna visa vyake. Oktoba 2018 Microsoft ililazimika kusimamisha usambazaji wa toleo jipya la Windows 10 siku chache baada ya kulitoa, kwa kuwa baadhi ya watumiaji waliripoti kwamba nyaraka zao zilikuwa zimefutwa. Lilitolewa tena Novemba. Na kuhusu hilo neno "sawa", mwaka 2016 ujumbe wa kuhamia Windows 10 ulikuwa umetengenezwa kwa namna ambayo mtu aliyeufunga kwa kubofya alama ya msalaba alihesabiwa kuwa ameikubali ratiba ya kuhama. Mwaka huo huo mwanamke mmoja wa California, aliyedai kwamba tarakilishi ya biashara yake ilivurugwa na uhamisho ambao hakuuidhinisha, alilipwa dola 10,000 baada ya Microsoft kuondoa rufaa yake. Ikiwa wenye lugha ya mashine hizo hawakuelewa walichokuwa wakikubali, sembuse sisi tunaosoma ujumbe wake kwa lugha ya pili au ya tatu?

Pingamizi

Najua nitakayojibiwa. Kuna atakayesema kwamba kazi hii ilishafanywa. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutafsiri programu za ofisi zilizotolewa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, na kwamba katika mwongo huo huo Microsoft ilitoa Windows na Office kwa vazi la Kiswahili. Kazi hizo ninaziheshimu. Lakini nyingi ya istilahi hizo zilikaa kwenye skrini zisishuke hadi kibandani kwa fundi, na istilahi isiyofika kwa fundi haimlindi mteja wake.

Isitoshe, tafsiri ya neno kwa neno inaweza kuuhamisha mtego pamoja na neno. Wapo wanaopendekeza kuumbiza kwa ajili ya kufomati. Linafaa kwa insha. Lakini tukilitumia kwa diski pia, tutakuwa tumeitafsiri sauti na kuuacha utata pale pale. Fundi angeniambia "nitaiumbiza", nami ningemjibu "sawa" kwa furaha zaidi, kwa maana kuumba ni neno jema. Kiswahili hakilazimiki kutumia neno moja mahali ambapo lugha nyingine imetumia moja. Kwa insha tuseme kupanga. Kwa diski tuseme kufuta. Angeniambia "nitafuta kila kitu", ningemshika mkono.

Mwingine atasema kwamba haya ni ya idara ya sayansi ya tarakilishi. Namuuliza: ni idara gani inayofundisha isimujamii, tafsiri na uundaji wa istilahi? Wenzetu wa sayansi wanakijua kitendo. Sisi tumejigamba kwamba tunalijua neno.

Tufanye nini?

Kwanza, chama chetu kitenge kikao kimoja, badala ya kuurudia mjadala wa tarakilishi na ngamizi, tukae na mafundi wa vibanda vinavyouzunguka chuo na tuyaorodheshe matendo yanayoweza kumpotezea mtu kazi yake. Tuwasikilize kwanza wanavyosema, kwa sababu huenda tayari wanayo maneno mazuri kuliko yetu. Kisha tuchapishe ukurasa mmoja, ubandikwe vibandani na mabwenini. Vitenzi 20 vinatosha.

Pili, idara zetu zipokee kazi za wanafunzi katika miundo ya faili inayofunguka katika programu za zamani na zile zisizolipiwa. Nimewaona wenzangu wakilazimika kuhama si kwa sababu wanataka, bali kwa sababu faili ya mhadhiri ilikataa kufunguka.

Tatu, kila mmoja wetu ajifunze kuuliza maswali manne kabla ya kubonyeza: Hiki ni kiraka au ni kuhama? Nafasi iliyobaki inatosha familia mbili? Kazi yangu ipo mahali pengine pawili nje ya chombo hiki? Nikighairi, nitarudije? Na asihame wakati chaja haijachomekwa, wala katika wiki ya kuwasilisha tasnifu.

Swali hili si la kuahirishwa. Windows 10 ilikoma kupewa viraka vya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Watu binafsi waliojisajili kwa mpango wa nyongeza waliahidiwa viraka hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Vipakatalishi vingi vyepesi tulivyo navyo havitimizi masharti ya Windows 11. Vingine havina gigabaiti 64, vingine havina kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 kinachodaiwa na mfumo huo. Wenye vyombo hivi wamebaki baina ya mfumo usiobebeka na mfumo usiozibwa matundu. Njia ya tatu ipo, nayo ni ile ile ya mwaka 2007: mifumo myepesi ya Linux kama vile Lubuntu au Linux Mint ya Xfce, pamoja na LibreOffice kwa kuandikia. Inahitaji kujifunza kidogo, na hata huko kuna kuhama na kuna kufuta. Atakayekwenda huko bila ya kuvijua vitenzi hivyo viwili yatamfika yaliyonifika.

Wahenga walitwambia pia tusiache mbachao kwa msala upitao. Sikatai msala mpya. Mbachao wangu ulikuwa umechakaa kweli. Ninachodai ni kwamba anayenivua mbachao aniambie kwa lugha ninayoielewa kwamba anauvua, na kilichofungwa ndani yake kitakwenda wapi. Beti alizobakisha mzee wa Gazi hakuna atakayeniimbia. Zile alizokwisha kuniimbia nilikuwa nazo mkononi, na nilizitoa kwa neno moja nililodhani ninalijua.